Kundi la Kijana

Tukikutana huwa tunawalaumu vijana: hawasikii, wanapenda pikipiki kuliko daftari. Katika somo hili tutazame kwanza jinsi kijana anavyojiona mwenyewe.

Wazee wetu wa Rungwe walilifahamu jambo hili. Mvulana wa Kinyakyusa alipopata miaka kumi hivi, aliondoka kwa baba akajenga kibanda pamoja na wenzake wa rika lake. Kulala walilala huko. Lakini walilima mashamba ya baba zao, na chakula walikwenda kula kwa kundi, leo kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule. Kukaa huko na wenzako kwa mazungumzo mema kuliitwa ukwangala, nako kulimfundisha mtu adabu. Monica Wilson, aliyefanya utafiti huku pamoja na mumewe katika miaka ya 1930, aliyaandika hayo katika kitabu kilichotolewa mwaka 1951. (Hatusemi turudi kwenye vibanda. Wasichana hawakuwa na vijiji vya namna hiyo; wao waliozwa wangali wadogo.)

Sasa mtazameni mtoto wa hapa Ibighi. Katika darasa la saba alinyosha mkono akajibu kwa Kiswahili. Afikapo kidato cha kwanza, karibu masomo yote yanafundishwa kwa Kiingereza. Anaogopa kuchekwa, ananyamaza. Baada ya miezi michache amekwisha kujihukumu: mimi si mtu wa kusoma. Lakini kijiweni kwa bodaboda hakuna amwulizaye Kiingereza. Akiteremka kwa kasi katika mvua yetu ya Tukuyu, bila kofia ngumu, anashangiliwa.

Mwaka 2005 wataalamu wawili wa Marekani, Gardner na Steinberg, walichapisha jaribio la mchezo wa kuendesha gari. Vijana walipotazamwa na wenzao walithubutu hatari zaidi kuliko walipocheza peke yao. Watu wazima hawakubadilika hivyo. Basi kumwambia kijana "utakufa" hakutoshi. Hatari anaijua. Anachotafuta ni kuheshimiwa na wenzake.

Ada ya sekondari za serikali iliondolewa mwaka 2016 hadi kidato cha nne, ijapokuwa sare na madaftari bado vinatutoa jasho. Tangu Novemba 2021 aliyeacha shule ameruhusiwa kurudi, pamoja na binti aliyejifungua. Ila kurudi peke yako mbele ya wanaokucheka ni kazi nzito, na hasa kwa binti huyo.

Kwa hiyo tunaomba kila nyumba yenye mwanafunzi wa kidato cha kwanza imwambie alete wenzake watatu au wanne siku ya Jumamosi. Wasome Kiingereza kwa sauti, wakosee bila kuchekwa na mtu, hata kama sisi wazazi hatuelewi wanachosoma. Wakimaliza, mama awapakulie ndizi. Juma lijalo waende kwa mama mwingine.