Maswali ya Mazoezi Kabla ya Mtihani wa Leseni ya Uuguzi

Mhitimu wa uuguzi aliyemaliza chuo bado hajawa muuguzi mbele ya sheria. Kwa mujibu wa Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010, anayetaka kumhudumia mgonjwa hapa nchini hana budi kusajiliwa na kupewa leseni na Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, na katika njia ya kuipata leseni hiyo umo mtihani. Kipindi cha kuusubiri ni kigumu. Ratiba ya chuo imekwisha, walimu hawapo tena karibu, na wengi hurudi nyumbani kujisomea peke yao. Mtahiniwa anayeishi Msalato, kaskazini mwa Jiji la Dodoma kando ya barabara iendayo Kondoa na Arusha, mara nyingi huwa na vitu viwili tu mezani: madaftari yake ya chuo na rundo la maswali ya mitihani iliyopita, mengine yakiwa nakala zilizofifia kutoka stesheneri, mengine yakiwa yametumwa kwa simu.

Rundo hilo linaweza kumfaa kuliko madaftari, au likamdhuru. Tofauti iko katika namna linavyotumiwa na umri wa majibu yaliyomo.

Kwanza, kwa nini swali hufundisha. Mwaka 2006 wanasaikolojia Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Marekani waliwapa wanafunzi vifungu vya kusoma. Baadhi walivisoma tena. Wengine, badala ya kusoma tena, walitakiwa kuandika kila walichokikumbuka. Baada ya dakika tano, waliorudia kusoma walikuwa mbele: asilimia 81 dhidi ya 75. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka. Waliojipima walikumbuka asilimia 56, na waliorudia kusoma asilimia 42. Maana yake kwa mtahiniwa ni kwamba ile hali ya kujiona amelielewa somo mara tu baada ya kulisoma mara ya pili haiaminiki. Kinachoimarisha kumbukumbu ni ile jitihada ya kulitafuta jibu kichwani wakati halionekani popote.

Ndiyo maana kusoma swali ambalo jibu lake limekwisha kuzungushiwa duara ni kupoteza muda. Macho huliona duara kabla akili haijaanza kazi, na msomaji hujipongeza kwa kujua alichoonyeshwa. Majibu yafunikwe kwa karatasi. Hata zile herufi A hadi D zifunikwe kwanza, mtahiniwa asome shina la swali peke yake, aandike jibu lake na sababu yake kwa sentensi moja, ndipo afunue.

Chukua swali hili. Mtoto mwenye uzito wa kilo 14 amefikishwa akiwa na malaria kali, amepoteza fahamu. Je, dozi yake ya kwanza ya artesuneti ya sindano ni miligramu ngapi: 33.6, 42, 60 au 126?

Jibu ni 42. Mtoto aliye chini ya kilo 20 hupewa miligramu 3 kwa kila kilo ya uzito, na 3 mara 14 ni 42. Lakini mtahiniwa anayeishia hapo ameokota robo tu ya somo, kwa kuwa kila kipotoshi katika swali hili kinawakilisha kosa ambalo mtu halisi anaweza kulifanya usiku wa zamu. 126 ni jumla ya dozi tatu za siku ya kwanza, yaani ile ya kuanzia, ya saa ya 12 na ya saa ya 24. Anayelichagua anazijua nyakati lakini amesoma swali kwa haraka. 60 ni ujazo wa kichupa kizima. Anayelichagua amezoea kuona kichupa kikifunguliwa na kumalizwa. Na 33.6 ndilo la hatari kuliko yote, kwa sababu liliwahi kuwa sahihi. Linatokana na miligramu 2.4 kwa kilo, kipimo ambacho leo ni cha wenye kilo 20 na kuendelea. Hadi Shirika la Afya Duniani lilipobadilisha mwongozo wake mwaka 2015, kipimo hicho kilitumika kwa wote. Ilionekana kwamba watoto wadogo wakipewa kipimo sawa kwa kilo, kiasi cha dawa mwilini mwao huwa kidogo kuliko kwa watu wazima. Kijitabu kilichopigwa chapa kabla ya hapo na kunakiliwa mara kumi bila kuhaririwa bado kinampa alama aliyechagua 33.6. Mtoto huyo akipewa hiyo, amepungukiwa na sehemu moja ya tano ya dawa anayoihitaji.

Ukunga una mfano mwingine wa aina hiyo, nao huwachanganya watahiniwa kila mara: awamu ya uchungu kamili huanza mlango wa kizazi ukiwa umefunguka sentimita ngapi? Katika patografu ya kwanza ya Shirika la Afya Duniani awamu hiyo ilianza sentimita 3. Katika ile iliyorekebishwa, sentimita 4. Na katika mwongozo wa uangalizi wa uchungu uliotolewa mwaka 2020, sentimita 5. Vijitabu vitatu vinaweza kutoa majibu matatu, na kila kimoja kikawa kimenakili ukweli wa wakati wake. Kubishana katika kundi la WhatsApp hakutalimaliza jambo hili. Mtahiniwa afungue mwongozo wa taifa unaotumika sasa, aone unasemaje, kisha aandike mwaka wa mwongozo huo pembeni mwa swali. Asipoupata, amwendee mkunga aliye kazini katika kituo kilicho karibu. Wodi ya wazazi haikosi mwongozo ukutani au mezani. Swali lisilojulikana limetungwa lini wala jibu lake linatoka wapi lichukuliwe kuwa zoezi la kufikiri tu, lisiwe chanzo cha kipimo cha dawa.

Yako pia maswali ambayo hayapimi kumbukumbu bali mpangilio wa hatua, na hapa ndipo wahitimu wenye alama nzuri za darasani hujikwaa. Mama mwenye kifafa cha mimba anaendelea na magnesiamu salfeti. Muda wa dozi inayofuata umefika. Muuguzi anampima na kukuta anapumua mara 10 kwa dakika, na goti likigongwa mguu hauruki. Muuguzi aanze na nini: atoe dozi kwa wakati, amwite daktari, azuie dozi, au apime mkojo?

Yote manne yana nafasi yake katika kumhudumia mama huyu kwa siku nzima, nayo ndiyo hila ya swali. Kabla ya kila dozi muuguzi huhakikisha mambo matatu: mgonjwa anapumua angalau mara 16 kwa dakika, mguu unaruka goti likigongwa, na mkojo haupungui mililita 30 kwa saa. Huyu amekwisha kukosa mawili, kwa hiyo dalili za dawa kuzidi mwilini zipo. Dozi izuiwe, upumuaji usaidiwe, na kalsiamu glukoneti gramu 1 itolewe polepole kwenye mshipa. Daktari anaitwa, naam, lakini kwa kumtuma mwenzake huku mikono ya muuguzi ikiwa kwa mgonjwa. Wengi huchagua “amwite daktari” kwa kuwa linasikika kuwa jibu la unyenyekevu. Katika zahanati ambako muuguzi yuko peke yake usiku, jibu hilo linamwacha mama bila hewa wakati simu inaita.

Hesabu za dripu hazihitaji maneno mengi. Mililita 1,000 kwa saa 8, kwa seti ya matone 20 kwa mililita: 1,000 mara 20, gawanya kwa dakika 480, unapata 41.7, yaani matone 42 kwa dakika. Kosa la kawaida ni kusahau kugeuza saa kuwa dakika, na lingine ni kutosoma idadi ya matone iliyoandikwa kwenye pakiti ya seti, maana ziko za matone 60. Hesabu tano kila siku kwa wiki tatu, bila kikokotoo, zinatosha.

Makosa yawe na daftari lake. Si kuandika “swali la 17, jibu C”, bali kuandika kilichosababisha kosa: alisahau, alisoma vibaya, au alikuwa na kanuni ya zamani. Swali lililokosewa lirudiwe baada ya siku mbili, kisha baada ya wiki, likiwa limechanganywa na ya masomo mengine. Kukaa na maswali ya malaria peke yake siku nzima huleta alama za kuridhisha kwa sababu jibu la kila swali tayari linajulikana liko shamba gani. Mtihani hautoi msaada huo, wala wagonjwa wanaosubiri kwenye benchi.

Liko zoezi moja ambalo vijitabu havina. Mafunzo ya uuguzi hutolewa kwa Kiingereza. Mgonjwa huongea Kiswahili, na mabibi wengi wa vijiji vya Dodoma hustarehe zaidi katika Kigogo. Mtahiniwa akishapata jibu, amweleze mtu wa nyumbani asiye wa taaluma. Tuseme swali linahusu mtoto anayeharisha. Kitabuni jibu ni fupi: maji ya chumvichumvi na zinki, miligramu 10 kwa siku kwa mtoto wa chini ya miezi sita, 20 kwa aliyefikisha miezi sita na zaidi, kwa siku 10 hadi 14. Shangazi akiuliza, “Kuhara kukikoma siku ya tatu, niache?” mtahiniwa aseme hapana, na aeleze sababu: zinki inaendelea kumkinga asiharishe tena katika miezi inayofuata. Akiuliza kidonge kinamezwaje na mtoto asiye na meno, aseme kinayeyushwa kwenye kijiko kwa maji safi au maziwa ya mama. Akikwama kwenye mojawapo ya maswali haya, alikuwa amekariri tu.

Mgonjwa naye, au mzazi wa mgonjwa, ana haki ya kuwa mtahini. Kumwuliza muuguzi “dawa hii ni kiasi gani kwa uzito wa mwanangu, na umempima leo?” si utovu wa adabu. Muuguzi aliyejifunza kwa kutoa sababu hujibu bila kukasirika, na uzito uliokadiriwa kwa macho hugunduliwa hapo hapo.

Kuhusu karatasi zinazouzwa kwa siri kwa madai kwamba ni za mtihani ujao, si haja kurefusha: ni wizi kwa anayeuza, ni kosa kwa anayenunua, na mara nyingi ni nakala za miaka iliyopita zenye majibu yale yale ya zamani yaliyotajwa hapo juu.

Katika wiki ya mwisho mtahiniwa apunguze maswali mapya. Aketi mara mbili au tatu kwa muda kamili wa mtihani, saa ikiwa mbele yake na simu ikiwa chumba kingine, kisha apitie daftari la makosa peke yake. Usiku wa kuamkia mtihani alale. Asubuhi aondoke Msalato mapema, kwa kuwa daladala huchelewa siku ile ile isiyopaswa. Akiwa chumbani, swali asilolijua aliwekee alama na kuendelea. Akilirudia, asome shina kwanza huku majibu ameyafunika kwa kiganja, kama alivyozoea nyumbani.