Simu ya Mkononi na Setilaiti: Je, Tuache Kuomba Mnara?



Msimu huu limezuka suala ambalo si dogo. Baadhi yetu wamesikia kwamba simu za mkononi sasa zaweza kuzungumza na setilaiti zilizo juu mbinguni, pasi na mnara wowote. Wasema, kama ni hivyo, ya nini kuendelea na maombi ya mnara kwa ajili ya mabonde yetu yasiyoshika mtandao? Wengine wameanza kuulizia madukani simu za bei kubwa, kwa kuahidiwa kwamba zitashika popote. Suala hili lataka jibu la hesabu, si la matumaini, na ndilo somo letu la mwezi huu.

Kwanza tufahamu taabu yenyewe. Simu ya mkononi ni redio ndogo. Nguvu yake ya kupelekea mawimbi ni ndogo, na mawimbi ya redio hufifia upesi kwa umbali. Ukiongeza umbali mara 2, nguvu inayofika ni robo tu; ukiuongeza mara 10, ni sehemu moja katika 100. Sasa tuchukue mnara ulio kilomita 3.6 kutoka shambani. Setilaiti za karibu zinazohudumia simu za kawaida huzunguka kiasi cha kilomita 360 juu yetu. Umbali umezidi mara 100, basi nguvu inayofika ni sehemu moja katika 10,000 ya ile ya mnarani. Ama setilaiti za televisheni, zile ambazo madishi yetu huzielekea, ziko karibu kilomita 36,000, yaani mbali mara 100 tena.

Hapana budi basi pawepo antena kubwa mahali fulani ili kuokota sauti iliyofifia hivyo. Khabari hii si ngeni katika visiwa vyetu. Pale Tunguu, Unguja, Wamarekani walikuwa na kituo cha kufuatia vyombo vyao vya angani. Tarehe 20 Februari 1962, John Glenn alipoizunguka dunia katika chombo Friendship 7, alipita upande wetu akazungumza na kituo hicho. Kituo kiliondolewa mwaka 1964, baada ya Mapinduzi. Lakini tuangalie mazungumzo yale yalihitaji nini: antena kubwa, mitambo, umeme wa kutosha, na mafundi wa zamu. Mzigo wote ulikuwa ardhini, kwa kuwa chombo cha juu kilikuwa kidogo.

Mwaka 1998 kampuni ya Iridium ilijaribu njia nyingine. Ilirusha setilaiti 66, zikizunguka kilomita 780 juu ya dunia, na mtu akaweza kuzungumza akiwa jangwani au baharini. Walakini simu yake ilikuwa nene, yenye antena kama kigongo, na gharama zake hazikuwezekana kwa watu wengi. Mwaka uliofuata kampuni ile ilifilisika, ingawa baadaye ilisimama tena na huduma ikaendelea.

Jambo jipya la miaka hii ni kwamba mzigo umehamishwa. Antena kubwa imepelekwa juu, ili simu ibakie ndogo. Mwezi Septemba 2022 kampuni ya AST SpaceMobile ilirusha setilaiti BlueWalker 3, ambayo antena yake hukunjuka ikawa na eneo la mita za mraba 64. Hiyo ni mita 8 kwa 8, kama sakafu ya kuanikia karafuu. Mwezi Aprili 2023 mtu alipiga simu kutoka Texas, Marekani, mpaka Japani kwa kupitia setilaiti hiyo, na simu aliyoitumia ilikuwa ya kawaida. Nayo SpaceX ilianza kurusha setilaiti zake za Starlink za kuhudumia simu mwezi Januari 2024, na kufikia mwaka 2025 zilikuwa zimepindukia 600. Basi mtu akiuliza kama jambo hili lawezekana, jibu ni kwamba limekwisha kutendeka.

Lakini kuwezekana ni jambo moja, na kutosheleza ni jambo jingine. Ipo mipaka minne ambayo kila mwanachama yampasa kuijua.

Mpaka wa kwanza ni mwendo. Setilaiti za chini hukimbia kiasi cha kilomita 27,000 kwa saa, na moja haikai juu yetu ila dakika chache. Ikienda, lazima nyingine iwe imekwisha kufika. Zikiwa chache, simu hushika na kukatika.

Mpaka wa pili ni kugawana. Mnara huhudumia watu wa kilomita chache zilizouzunguka. Setilaiti moja huumulika upana wa makumi ya kilomita, na Pemba yetu yote ina urefu wa kilomita 67 au karibu yake. Watu wote walio chini ya mwanga ule hugawana njia moja nyembamba, mfano wa mji mzima kuteka maji kwenye bomba moja. Ndiyo maana huduma hizi huanza na meseji. Huko Marekani, T-Mobile ilipoifungua huduma hii kwa wateja mwezi Julai 2025, ilianza na meseji. Kutazama picha za sinema ni mzigo mzito kwa njia kama hiyo.

Mpaka wa tatu ni kizuizi. Simu lazima iione mbingu. Bati huyazuia mawimbi, na majani mazito yaliyolowa mvua huyapunguza. Mkarafuu haupukutishi majani yake mwaka mzima, nasi kazi yetu iko chini yake.

Mpaka wa nne ni ruhusa. Njia za redio ni mali ya taifa, na hapa kwetu msimamizi wake ni Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Mwezi Disemba 2025 Airtel Africa ilitangaza mapatano na SpaceX ya kuleta huduma hii katika nchi 14 inazofanyia kazi, kwa kutegemea ruhusa ya kila nchi. Mapatano ni mwanzo mwema, lakini ujenzi wa mnara nao huanza na mapatano.

Je, haina faida basi? Inayo, tena kubwa, mahali pake. Mwezi Septemba 2024 kimbunga Helene kiliiangusha minara katika jimbo la North Carolina. Mwezi uliofuata serikali ya Marekani ikatoa ruhusa ya pekee, na watu wakaweza kupokea tahadhari na kupelekeana meseji kwa setilaiti. Tulipime hilo kwa hali yetu. Mchumaji akianguka kutoka mkarafuuni katika bonde lisilo na mtandao, leo mtu hukimbia kwa miguu mpaka apande mlimani ndipo apate kupiga simu. Muda huo aliyevunjika yupo chini anasubiri. Kama mtu angeweza kutoka uwanjani akapeleka meseji moja tu, muda ule ungeokolewa. Kadhalika mvuvi aliyeharibikiwa na mashine katika Mkondo wa Pemba, ambako mnara haujengeki kabisa.

Kwa hiyo rai ya kamati ni hii. Setilaiti ni ya dharura, ya baharini, na ya siku ambayo mnara umeanguka. Mnara ni wa kazi ya kila siku: kuulizana bei, kupeleka fedha, kumwita daktari na kuzungumza naye mpaka afike. Kimoja hakiondoi haja ya kingine. Tukiacha kuomba mnara kwa kungojea setilaiti, yamkini tutakosa vyote viwili. Upo Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2006, ambao kazi yake ni kusaidia mawasiliano yafike mahali ambapo makampuni hayaoni faida. Mahali petu ni pa namna hiyo.

Ama kuhusu kununua simu, msifanye haraka. Huduma za namna ya Starlink zimetengenezwa kwa simu za kawaida za 4G, ambazo wengi wetu tunazo tayari. Zipo simu nyingine, kama iPhone 14 na zilizofuata, zenye njia yao wenyewe ya kuomba msaada kwa setilaiti, lakini huduma hiyo hutolewa katika nchi zilizotajwa tu. Mwambie muuzaji akuonyeshe kwa maandishi kama nchi yetu imo. Asipoweza, zuia fedha yako.

Kabla ya mkutano ujao, kila tawi lifanye mambo matatu:

1. Liandike majina ya mabonde na mashamba yasiyoshika mtandao, na idadi ya kaya zilizopo.
2. Lipime ni dakika ngapi mtu hutembea kutoka shambani mpaka mahali panaposhika.
3. Limpelekee sheha nakala ya orodha hiyo, na nyingine imfikie katibu.

Orodha hizo ndizo tutakazozitia katika maombi yetu ya mnara. Dakika zilizopimwa zina nguvu kuliko malalamiko.

Wassalaam,
Katibu wa Chama