SIMU NYINGI, WENYE SIMU WANGAPI?

Siku moja katika mkutano wa chama chetu nilisimama kifua mbele nikadai kwamba siku hizi kila Mkenya ana simu. Ushahidi nilikuwa nao. Mnamo Juni 2019 laini za simu za rununu humu nchini zilikuwa milioni 52 na ushei, na sensa ya Agosti mwaka huo ikapata watu milioni 47.6. Yaani karibu laini 110 kwa kila watu 100! Nikapigiwa makofi. Kisha mwalimu akaniuliza swali moja tu: "Na nyanya yako, ana simu?" Nikabaki kimya.

Tuanze na simu za mezani. Sensa ya 1999 ilihesabu Wakenya milioni 28.7, na laini za mezani wakati huo zilikuwa karibu 300,000. Hiyo ni laini 1 hivi kwa watu 100. Marekani walikuwa na zaidi ya 60. Si kwamba sisi hatupendi kuongea, la hasha! Simu ya mezani hudai waya kutoka nguzo hadi nguzo mpaka mlangoni pako. Nguzo ngapi zingetosha kutoka hapa Isiolo hadi Merti? Rununu nayo hutaka mlingoti mmoja tu, na kila aliye karibu anapata mawasiliano. Ndiyo maana Uganda, mnamo 1999, ikawa nchi ya kwanza Afrika kuwa na wateja wengi wa rununu kuliko wa mezani. Sisi hatukukawia kufuata. Hata Wamarekani wanazikata zile waya: kufikia mwisho wa 2016, zaidi ya nusu ya nyumba zao zilikuwa na rununu pekee.

Sasa turudi kwa lile swali. Jioni ile nilihesabu familia yetu. Tuko saba pamoja na nyanya aliye Merti. Mama ana laini mbili katika kabambe yake. Kaka ana mbili. Baba ana tatu, moja huiweka kwenye pochi kwa sababu ile ya kawaida haishiki kila mahali akisafiri. Jumla laini saba, watu saba: 100 kwa 100! Lakini wenye simu ni watatu tu.

Nchi nzima ni vivyo hivyo. Sensa ileile ya 2019 iliuliza watu wa miaka mitatu na zaidi kama wana simu, na waliokuwa nayo walikuwa asilimia 47.3. (Kweli, mtoto wa miaka minne simu ya nini? Hata hivyo pengo ni kubwa.) Simu ya mezani ilikuwa kinyume: laini moja dukani ilitumiwa na mtaa mzima, lakini kwenye hesabu ni moja.

Nyanya hutumia simu ya jirani. Mwaka jana kaka yake aliaga dunia hapa mjini asubuhi, akazikwa alasiri. Baba alipiga simu mara nyingi, lakini jirani alikuwa malishoni na mifugo, na simu mfukoni, mahali pasipo na mtandao. Nyanya alipata habari siku ya pili.

Mkutano ujao nitasoma tarakimu zangu upya, nikianza na ile ya 47.3.