Dharma na Varna: Wajibu na Tabaka katika Imani ya Kihindu

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko Nostra Aetate la mwaka 1965, unatufundisha kwamba Kanisa halikatai lolote lililo la kweli na takatifu katika dini nyingine. Kwa moyo huo tutazame maneno mawili ya Kihindu.

Dharma ni utaratibu unaoushikilia ulimwengu, na pia ni wajibu wa kila mtu ndani ya utaratibu huo. Varna ni matabaka manne: Brahmana (makuhani na walimu), Kshatriya (watawala na askari), Vaishya (wafugaji, wakulima na wafanyabiashara) na Shudra (watumishi). Wimbo mmoja wa Rigveda unasimulia kuwa matabaka hayo yalitoka katika mwili wa Purusha: kinywani, mikononi, mapajani na miguuni.

Katika Bhagavad Gita, Arjuna, askari wa Kshatriya, anasita kupigana na ndugu zake. Krishna anamfundisha atimize wajibu wake mwenyewe, hata kwa upungufu, bila kutamani matunda yake. Hapa tunajifunza jambo jema: wajibu hutimizwa kwa kuwa ni wajibu, si kwa faida.

Lakini ni nani anayempangia mtu wajibu wake? Kwa mapokeo mengi, ni kuzaliwa, na kuzaliwa ni tunda la karma, yaani matendo ya maisha yaliyotangulia. Nje ya varna zote walibaki "wasioguswa", ambao leo wengi hujiita Dalit. Ambedkar, aliyezaliwa miongoni mwao, aliongoza kamati iliyoandaa rasimu ya Katiba ya India ya mwaka 1950; kifungu cha 17 kilifuta utengano huo.

Mtume Paulo naye anatumia mfano wa mwili (1Kor 12). Lakini kwake karama hugawiwa na Roho, si na ukoo, na kiungo kinyonge hupewa heshima zaidi.

Hata hivyo tusijisifu. Mwaka 2003 Papa Yohane Paulo II alilazimika kuwakumbusha maaskofu wa Tamil Nadu, India, kwamba ubaguzi wa tabaka kati ya Wakristo unapingana na mshikamano wa kweli. Ubatizo ulikuwa umepokelewa, ila tabaka lilibaki.

Nasi je? Tunapochagua viongozi wa jumuiya zetu ndogo ndogo, tunatazama karama ya mtu, au tunauliza kwanza ni mtoto wa nani?