Kibaba cha Karatasi: Kufunga Vitafunwa vya Sikukuu Nyumbani

Mkesha wa Idi, nyumba nyingi za pwani hazilali. Visheti vinakaangwa, sinia la vileja linapoa juu ya meza, na pembeni mtu anapika shira huku akiichungulia isije ikashika. Asubuhi watoto watapita mlango kwa mlango na nguo zao mpya, wakitaka mkono wa Idi. Unguja shughuli hiyo huenda siku nne, kuanzia sikukuu mosi mpaka sikukuu nne, na kila siku ina wageni wake. Unga umeshanunuliwa, samli ipo, sukari ipo. Linalosahaulika mpaka saa za mwisho ni hili: mtoto akipewa visheti vyake, atavibebea nini?

Zamani jibu lilikuwa mfuko wa nailoni. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea tarehe 28 Agosti 2017, Tanzania Bara ikafuata tarehe 1 Juni 2019, na Zanzibar ilikuwa imeshatangulia kabla ya hao wote. Wengi tulihamia kwenye vikasha vya dukani, ambavyo bei yake hupanda kila sikukuu inapokaribia. Mimi nasema havina haja. Karatasi, jani la mgomba, kipande cha kitenge kilichobaki kwa fundi na jioni mbili za kukaa pamoja na watoto vinatosha kufungia vitafunwa vya mtaa mzima. Mbinu ni zile zile kwa Krismasi, kwa maulidi, kwa akika ya mtoto au kwa kipaimara.

Kosa ninaloliona mara nyingi ni kuanza na pambo. Mtu ananunua karatasi ya kumeremeta na utepe mwekundu, kisha ndipo anajiuliza atatia nini ndani. Anza na kitafunwa. Je, kinatoa mafuta? Kinanata? Kitakaa siku ngapi kabla ya kuliwa? Na zaidi ya yote, kimeshapoa? Mwaka mmoja nilifunga visheti vikiwa bado vuguvugu kwa sababu alfajiri ilikuwa imenifika. Mvuke haukuwa na pa kutokea, ukarudi kwenye sukari ya juu, na kufika adhuhuri visheti vilikuwa vimelainika, vimeshikana donge moja. Tangu siku hiyo naviacha usiku kucha kwenye ungo, nimevifunika kwa kitambaa chepesi, na sivigusi mpaka niweke kiganja na kusikia baridi.

Kwa vitafunwa vikavu, yaani visheti, vileja, tambi na kashata za karanga, hakuna kinachokishinda kikasha cha kukunja. Wajapani wana kikasha cha karatasi wanachokiita masu, jina la kipimo chao cha zamani cha mbao cha kupimia mchele. Nilipolijua hilo nilifurahi, maana kumbe ni ndugu wa kibaba chetu, kile ambacho vinne vyake hufanya pishi moja. Hakihitaji gundi wala pini. Kinahitaji karatasi ya mraba tu, na karatasi ya A4, ambayo upana wake ni sentimita 21, hutoa mraba wa sentimita 21 ukishakata ule ukanda unaozidi.

Laza mraba mezani. Ukunje pembe kwa pembe, ufungue, kisha ukunje kwa pembe zile nyingine mbili na ufungue tena. Sasa una mikunjo miwili inayopishana katikati. Zilete pembe zote nne zikutane pale katikati. Karatasi inabaki mraba mdogo wenye sura ya bahasha. Bila kuzifungua pembe hizo, kunja upande wa juu na wa chini vikutane kwenye mstari wa katikati, ukunjue, halafu fanya vivyo hivyo kwa kulia na kushoto. Pitisha ukucha juu ya kila mkunjo. Mkunjo uliolegea ndio unaofanya kikasha kikae upande.

Sasa ifungue pembe ya juu na ya chini ziwe zimenyooka, na uache za kulia na kushoto kama zilivyo. Simamisha kuta mbili, ya kulia na ya kushoto. Utaona mikunjo ya mshazari upande wa juu. Isukume ndani kwa vidole viwili, na ukuta wa tatu utainuka wenyewe. Ile ncha ndefu ipindue juu ya ukuta huo, ishuke ndani mpaka ncha yake iguse katikati ya sakafu. Rudia upande wa pili. Mara ya kwanza itakuchukua dakika kumi na utaona kama karatasi inakugomea. Kufika cha tano mikono imeshajua.

Hesabu yake ni hii. Mraba wa sentimita 21 hutoa kikasha chenye sakafu ya sentimita 7.4 kila upande na kimo cha sentimita 3.7, ujazo unaokaribia mililita 200. Ukitaka kikubwa zaidi, zidisha upande wa karatasi yako kwa 0.35 upate upana wa sakafu. Kimo ni nusu ya upana huo. Kifuniko ni kikasha kingine cha namna hiyo hiyo. Kwa kuwa karatasi ya A4 haiwezi kutoa mraba unaozidi sentimita 21, kata cha chini kwa sentimita 20.5 na kifuniko kwa 21. Kifuniko kikibana sana, punguza tena milimita mbili au tatu kwenye cha chini. Karatasi ya manila hupendeza kwa kifuniko, lakini ni nene, hivyo ikunje kwa kufuata rula.

Sasa jambo ambalo silifichi hata kama litamuudhi mtu. Gazeti lisiguse chakula. Najua sote tumekula karanga na bagia zilizofungwa kwenye gazeti, na wapo wanaofungia karatasi za mitihani ya shule. Wino wa uchapaji una mafuta na kemikali zinazohamia kwenye chakula, hasa kikiwa cha moto au kina mafuta. Mamlaka ya chakula ya India, nchi yenye mazoea haya haya, ilitoa onyo kwa umma mwaka 2016 kuhusu kufungia chakula kwenye magazeti. Hata karatasi nyeupe ya A4 haikutengenezwa kwa ajili ya chakula. Kwa hiyo tandika ndani ya kikasha karatasi ya kuokea keki, ile isiyopitisha mafuta. Boksi moja la karatasi hiyo, likikatwa vipande vya ukubwa wa kiganja, linatandika vikasha vingi. Gazeti lako litumie kwa kufanyia mazoezi ya kukunja.

Bisi na karanga za kukaanga hazitaki kikasha. Hizo ni za kile kikaratasi cha kusokota kama pembe ya ng'ombe. Shika mraba wa karatasi ya kaki kwa pembe moja, uviringishe kuelekea pembe ya pili huku ukibana ncha ya chini isiache tundu, kisha ncha ile uikunje juu sentimita mbili na uibandike. Wauza karanga wa barabarani wanakisokota kwa mkono mmoja huku wanakuhesabia chenji. Ukipata nafasi, simama utazame vidole vyao.

Gundi ya kubandikia ipike mwenyewe. Koroga kijiko kimoja kikubwa cha unga wa ngano kwenye maji baridi kidogo mpaka mabonge yaishe, mimina kwenye robo kikombe cha maji yanayochemka, endelea kukoroga kwa moto mdogo mpaka izidi kuwa nzito na kung'aa. Watoto wanaobandika vishada vyao kwa wali au ugali wanafuata elimu hiyo hiyo: wanga uliopikwa hushika. Gundi hii hukaa siku mbili hivi kabla ya kuchacha. Wajalidi wa vitabu wa zamani walikuwa wakitia mafuta ya karafuu kidogo kwenye gundi yao ya unga ili isiote ukungu, na kwetu visiwani karafuu haitafutwi mbali. Ila gundi ibaki nje ya kifuko, isiguse kitafunwa.

Tukifika kwenye vinavyonata, karatasi inakiri kushindwa. Kaimati zisifungwe kabisa. Zitiwe kwenye sahani na ziliwe pale pale. Kashata za nazi na vipande vya halua vinakwenda vizuri kwenye jani la mgomba. Kata jani bichi lisilochanika, toa ule uti mgumu wa kati, lipanguse kwa kitambaa chenye maji, kisha libabue: lipitishe juu ya makaa taratibu mpaka rangi igeuke kijani cha kung'aa na jani lilegee. Bila kubabuliwa litapasuka kila unapolikunja. Kata vipande vya sentimita 20 kwa 25, weka kitafunwa katikati, kunja kama bahasha na funga kwa ukamba wa mgomba uliokauka. Fungasha siku ile ile ya kugawa. Jani lina maji, na kashata ya nazi nayo haidumu kwenye joto letu.

Halua yenyewe ina heshima yake. Wauzaji wa Unguja na Pemba huitia kwenye vikapu vidogo vya ukili, na mtu akikubebea kikapu hicho kutoka visiwani unajua kilichomo kabla hujafungua. Usijidanganye kwamba utajifunza kusuka ukili usiku mmoja. Kuchambua miyaa, kuichemsha na rangi, kusuka na kushona ni kazi ya watu wanaoijua tangu utotoni. Agiza kwa msusi mwezi mmoja kabla, mlipe anachotaka, na ukumbuke kutandika karatasi ya mafuta ndani kwa sababu rangi ya miyaa inaweza kutoka ikikutana na samli. Kikapu kikimaliza halua kitatiwa vitunguu saumu jikoni au ushanga wa bibi.

Kwa watu wazima, hasa kwenye shughuli ya harusi, pwani ina zawadi ya mgeni iliyotangulia vifuko vyote hivi, nayo ni kikuba. Ni kitita kidogo cha asumini, mrehani na majani ya waridi, kimefungwa kwa uzi, mwanamke akibandike kifuani au nyweleni. Maua yachumwe yakiwa machanga, vikuba vifungwe siku ile ile, na vilazwe juu ya sinia ndani ya kitambaa chenye unyevu mpaka wageni waingie. Nimehudhuria harusi ambapo kila mgeni alipewa kikombe cha plastiki chenye majina ya maharusi. Vikombe vile sijui viko wapi leo. Harufu ya kikuba naikumbuka bado.

Mabaki ya kitenge na khanga kwa fundi mara nyingi hupatikana bure au kwa bei ndogo. Kata kipande cha sentimita 15 kwa 34, kunja mara mbili, shona pande mbili, pinda mdomo uache njia ya kupitishia uzi wa katani, umepata kifuko cha kuvuta. Kifue kwanza, kwani kitambaa kipya kinachuja rangi, na kitie vitafunwa vilivyokwisha kufungwa kwenye karatasi yao.

Yapo mambo ya usalama ambayo nakuomba usiyaruke. Usifunge kwa pini za stepla kifuko chochote chenye chakula. Pini ikidondoka ndani ya visheti mtoto haioni. Karanga nzima wasipewe watoto walio chini ya miaka 5, zinawapalia. Kwa hao weka vileja laini, na usiwatilie gololi wala maputo yasiyopulizwa kama zawadi ya juu. Kifuko chenye karanga, ufuta, maziwa au mayai kiandikwe hivyo kwa kalamu upande wa nje, kwa herufi kubwa, pamoja na tarehe ya kupikwa. Wapo watoto wanaodhurika na karanga kidogo tu, na mama yao hatakuwepo mlangoni kwako kuuliza. Andika kabla ya kutia chakula, wino ukauke.

Kazi igawe kwa siku. Vikasha vikunjwe wiki moja kabla, vikae wazi mahali pakavu pasipo mende. Karatasi za kutandika zikatwe siku mbili kabla. Majani yababuliwe na vifuko vijazwe mkesha au alfajiri. Watoto wa miaka saba kwenda juu wanaweza kukunja vikasha vyote peke yao ukiwaonyesha mara mbili, na watavilinda kuliko unavyovilinda wewe. Ukishahesabu wageni wako, ongeza vikasha kumi. Watoto wa mtaa wa pili watakuja pia, na asirudi hata mmoja mikono mitupu.