Maumivu Sugu na Namna ya Kuishi Nayo
Maumivu yanayodumu au kujirudia kwa zaidi ya miezi mitatu huitwa maumivu sugu. Mgongo wa mkulima na magoti ya mzee ni mifano iliyo karibu. Mgonjwa hupimwa, jeraha halionekani, kisha huambiwa kuwa ni mawazo tu. Kauli hiyo huumiza, na tena si ya kweli.

Mwaka 1965 wanasayansi Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza kwamba taarifa za maumivu hupita katika uti wa mgongo kama penye lango, ambalo ubongo waweza kulifungua au kulibana. Nadharia hiyo imerekebishwa tangu hapo, lakini kiini chake kimebaki: hofu, huzuni na kukosa usingizi huzidisha maumivu, utulivu huyapunguza. Mishipa ya fahamu iliyozoea kupitisha maumivu huweza kuendelea kuyatangaza hata baada ya jeraha kupona, mithili ya mbwa anayewabwekea wenyeji wake.

Kwa hiyo tiba ya kisaikolojia haikusudii kumwaminisha mgonjwa kwamba haumwi. Humwonesha mzunguko alionaswa ndani yake. Mkulima aumwaye mgongo huogopa kuinama. Akikaa bila kazi misuli hulegea, na kazi ndogo humuumiza zaidi. Wengine hufanya kinyume: siku ya nafuu hulima shamba zima, kisha hulala siku tatu. Dawa ya yote mawili ni kipimo. Anayeweza kulima dakika 20 kabla maumivu hayajapanda, aanze na dakika 15, apumzike, kisha arudie, hata siku anapojisikia mzima. Wiki zinazofuata aongeze kidogo kidogo. Saa ndiyo iamue, si maumivu. Kwa mwenye palizi iliyochelewa, ushauri huu huonekana anasa. Lakini siku tatu za kulala nazo ni hasara.

Jamaa wasimnyang'anye mgonjwa kila kazi kwa huruma. Vidonge vya diklofenaki navyo visimezwe kila siku bila ushauri wa mganga, kwani vyaweza kudhuru tumbo na figo.

Hata hivyo, uchunguzi hutangulia. Maumivu ya mgongo yenye homa za jioni na kupungua uzito yaweza kuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo. Miguu ikilegea, au mgonjwa akishindwa kuzuia haja, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.