Sindano Iliyotoka Pakitini



MZEE: Mjukuu wangu! Mbona mto wako umejaa sindano kama nungunungu?

BINTI: Ndio ulionileta, babu. Jana nilikuwa na gauni la satini la mteja. Nikachomoa sindano moja humu, nikaifunga kwenye cherehani, ikaacha matundu mshono mzima. Na ni sindano mpya, haijawahi kushona kitu.

MZEE: Mpya, sawa. Namba ngapi?

BINTI: Hapo sijui. Zote zinafanana.

MZEE: Basi tatizo lako umelitaja mwenyewe. Sindano ya cherehani ikishatoka pakitini, jicho haliitambui tena. Hebu soma hapa.

BINTI: 90/14.

MZEE: Hiyo 90 ni unene wake: milimita 0.9. Na 14 ni namba ya Kimarekani ya unene uleule. Satini yako ilitaka 75/11 au hata nyembamba zaidi. Kati ya 75 na 90 kuna milimita 0.15 tu. Nani ataiona hiyo kwa macho, jioni, mteja kasimama mlangoni?

BINTI: Lakini namba huchongwa kwenye shina.

MZEE: Huchongwa, na ni vizuri ujue kuisoma. Sugua chaki ya kushonea juu ya shina, halafu pitisha kidole. Unga unabaki ndani ya maandishi. Au ipige picha kwa simu, uikuze. Ila mara nyingi hapo utapata unene peke yake. Ncha je? Sindano ya fulana ncha yake ni butu kidogo, ya mviringo, inasogeza nyuzi pembeni ipite katikati yake. Ya jinzi ni kali na shina lake lina nguvu. Ukishona fulana inayovutika kwa sindano isiyo yake, cherehani itaruka, nawe utashinda unafungua bobini na kukaza uzi, kumbe bobini haina kosa.

BINTI: Nimeona nyingine zina rangi.

MZEE: Za Schmetz, za Ujerumani, zina mistari ya rangi. Wa juu unataja aina, wa chini unataja unene. Bluu ukiwa juu, hiyo ni ya jinzi. Bluu ukiwa chini, hiyo ni 90. Kwa hiyo sindano ya jinzi namba 100/16 ina bluu juu na zambarau chini. Usichukue mpango huo ukausomea sindano za kampuni nyingine, kila moja ina rangi zake. Na zile za kawaida za Schmetz hazina mstari wa juu.

BINTI: Nikizipaka mwenyewe rangi ya kucha?

MZEE: Paka pakiti, sindano iache. Rangi ikiganda kwenye shina, sindano haikai sawasawa pale inapofungwa.

BINTI: Kwa hiyo nizirudishe pakitini zote?

MZEE: Zile mpya zisitoke kabisa mpaka saa ya kufungwa. Hilo ni rahisi. Kinachowashinda mafundi wengi ni sindano iliyoshona nusu saa ikatolewa ili kupisha kitambaa kingine. Si mpya, na haijachoka. Wanaichomeka kwenye mto, au kwenye kola ya shati, na hapo imepotea.

BINTI: Hata mimi ndivyo ninavyofanya.

MZEE: Chukua vipande vya vitambaa ulivyokata: jinzi, fulana, kitenge, satini. Vishone upande mmoja viwe kijitabu. Sindano iliyokuwa ikishona jinzi ichomeke kwenye ukurasa wa jinzi, ya fulana kwenye wa fulana. Kando yake andika namba kwa kalamu ya wino usiofutika. Kitambaa chenyewe kitakukumbusha kazi yake hata mwaka ukipita.

BINTI: Na iliyomo ndani ya cherehani sasa hivi?

MZEE: Pakiti yake ibandike kwenye kichwa cha cherehani, mbele ya macho yako. Ukibadilisha sindano, badilisha na pakiti. Ukifika asubuhi huna haja ya kukumbuka.

BINTI: Ninayo pia sumaku, zinakaa juu yake vizuri.

MZEE: Sumaku ni ya kuokotea zilizoanguka. Zikilala juu yake zinarukiana na ncha zinagongana. Ncha iliyojikunja hata kidogo itavuta nyuzi za satini. Na mto wako umejazwa nini?

BINTI: Sponji ya godoro.

MZEE: Huku Tanga hewa ina unyevu na upepo wa bahari una chumvi. Sponji inashika unyevu, nao unakaa palepale chuma kilipozama. Tazama hii, ina kutu kwenye tundu la uzi. Tundu likikwaruza, uzi unakatika kila baada ya hatua chache. Tafuta kopo lenye mfuniko unaobana, weka pakiti na kijitabu humo, na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja ndani ya viatu vipya. Usivitupe vile.

BINTI: Mwezi ujao naletewa cherehani ya kiwandani.

MZEE: Hongera sana. Kopo la pili, basi, na liwe mbali na la kwanza. Hiyo cherehani yako ya Butterfly ya kukanyaga inatumia sindano aina ya HAx1. Ukikuta pakiti imeandikwa 130/705 H au 15x1, ni hiyohiyo, shina lina ubapa upande mmoja. Ya kiwandani huenda ikataka DBx1, ambayo shina lake ni la mviringo na jembamba zaidi. Namba 14 ipo kote kote, lakini sindano haziingiliani. Usinunue kwa namba tu, taja na herufi.

BINTI: Zilizokufa je? Mimi huzitupa kwenye takataka.

MZEE: Usifanye hivyo tena, tafadhali. Watoto wanatembea pekupeku hapa uani, na mtu wa takataka anashika mfuko kwa mikono mitupu. Kopo la dawa, mfuniko utoboe tundu dogo, sindano iingie isitoke. Na ikivunjika, kusanya vipande mpaka uone ncha. Viwanda vya nguo za kuuza nje vina sheria hiyo: fundi hapewi sindano nyingine kabla hajarudisha vipande vyote, na kipande kikikosekana nguo zinapekuliwa. Nguo ya mtoto inaweza kubeba ncha ndani ya pindo.

BINTI: Sasa hizi za kwenye mto, nianzie wapi?

MZEE: Zenye kutu, kopo la dawa moja kwa moja. Zilizobaki zilaze juu ya kioo, ubapa chini. Nafasi kati ya sindano na kioo isipolingana mpaka nchani, imepinda. Nzima ipitishe kwenye soksi ya nailoni, ikinasa, itupe. Zitakazofaulu, sugua chaki usome. Isiyosomeka usiibakishe, hata ikiwa inang'aa. Bei ya sindano hailingani na mita moja ya satini.

BINTI: Chaki ninayo. Kioo je?

MZEE: Kipo ndani, mwombe bibi yako. Mwambie na miwani yangu.